Kiuno kinauma, ganzi inashuka mpaka kidole gumba cha mguu

Boda wa Kihonda:
Wakuu, naombeni msaada. Naendesha bodaboda mwaka wa sita sasa, kijiwe changu ni Msamvu, Morogoro. Wiki tatu zilizopita nilipakia mfuko wa saruji kwenda Kihonda, na shokapu ya nyuma imeshakufa siku nyingi. Wakati wa kuushusha nikasikia kiuno kimekaza ghafla. Tangu hapo maumivu yanatoka kiunoni, yanapita kalioni, yanashuka nyuma ya paja la kulia mpaka kidole gumba. Nikikohoa ni kama shoti ya umeme. Viatu ananifunga mke wangu.

Duka la dawa la kwanza waliniambia ni figo, la pili wakanipa dawa za UTI. Nimemaliza dozi na nafuu sijaiona. Mkojo hauchomi, homa sina. Nimelala siku nne nikazidi kukakamaa. Pikipiki ni ya mkataba na tajiri anataka hesabu yake.

Mama Cherehani:
Pole sana mwanangu. Nashona mwaka wa 19 huu, kiuno nakijua. Kulala kutwa ndiko kumekukaza. Mimi kila nusu saa nainuka, natembea mpaka kwa muuza mkaa na kurudi. Jioni nazungushia kanga chupa ya maji moto, naiegemeza kiunoni kama robo saa. Usiku nalala ubavu, mto katikati ya magoti. Na asikupande mtu mgongoni eti anakukanda! Mimi nilikubali mara moja, siku tatu sikuinuka.

Mnyoosha Viungo:
Mkuu, maumivu yanayoshuka hivyo kwa kawaida ni mshipa wa fahamu umebanwa, mara nyingi na diski, ule mto laini ulio kati ya pingili za chini za mgongo. Figo huuma juu zaidi, ubavuni chini ya mbavu, na aghalabu huja na homa au mkojo kubadilika. Usikimbilie eksirei, inaonyesha mifupa, diski haionekani. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kupasuliwa. Dawa ya maumivu ya diklofenaki usimeze tumbo tupu, na kama una vidonda vya tumbo, presha au figo, usiiguse kabla ya kumuuliza daktari.

Sasa shika ukuta, simama kwa visigino tu, vidole juu. Niambie mguu wa kulia unafanyaje.

Jambo moja nakusihi: mkojo ukigoma, haja ikitoka bila kujijua, au ukipata ganzi sehemu za siri na pale unapokalia, nenda hospitali usiku huohuo. Usingoje kukuche.

Boda wa Kihonda:
Nimejaribu mara tatu. Wa kushoto unakaa vizuri. Wa kulia vidole vinarudi chini vyenyewe. Mkojo unatoka kawaida.

Mnyoosha Viungo:
Basi mguu umeanza kuishiwa nguvu. Kesho asubuhi nenda hospitali ya mkoa, mwambie daktari hilo la vidole kabla ya kumweleza maumivu. Na usiendeshe mwenyewe.

Boda wa Kihonda:
Sawa mkuu. Nimeshaongea na jamaa wa kijiweni, saa kumi na mbili ananipitia. Yake shokapu nzima.