Alfa imegoma kupanda, naombeni ushauri wa haraka

MtotoWaNgamiani: Wakuu habari za humu. Niko masta, napima hali ya maisha ya wavuvi wa Deep Sea na Sahare hapa Tanga. Nimeuliza nyumba ya bati au makuti, umeme, elimu, akiba, ana chombo chake au anavulia cha tajiri. Alfa ya Cronbach, ile ya kupima kama maswali yanaendana, imetoka 0.41 na vitabu vinataka 0.7, usingizi sipati, nifanyeje ipande?

Pweza_Mkavu: Hamia Bagamoyo huko inapanda yenyewe 😂

BiMkubwa_Chumbageni: Pole mwanangu. Sie tulihesabu kwa mkono, msimamizi kasafiri na karatasi zangu nikabaki nalia, leo kompyuta inawafanyia kila kitu na bado mnalalamika. Sali kwa bidii.

DagaaMchele: Alfa, tangu Cronbach aiandikie 1951, inafaa pale kitu kimoja kilichojificha ndo kinazaa majibu yote. Mfano imani kwa viongozi wa BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni), mtu akiwaamini majibu yake yote yanapanda pamoja. Hali ya maisha ni kinyume, chombo na umeme na elimu ndo vinaijenga. Mtu ana mashua na nyavu zake na bado analala kwenye makuti, sasa kwa nini majibu yaendane? Achana na alfa, angalia VIF, namba ya kuonyesha kama kuna viashiria vinarudiana, au tengeneza indeksi ya mali, yaani alama moja kutokana na vitu alivyo navyo mtu, kama ya watafiti Filmer na Pritchett 2001. Umefuta swali lolote?

MtotoWaNgamiani: Shukrani mkuu, so alfa naipandishaje?

DagaaMchele: Jibu nilichouliza.

MtotoWaNgamiani: Nilitoa la chombo na la elimu, ikafika 0.72, sura ya nne nishatuma. Ila SPSS yenyewe, programu ya takwimu, ndo ilionyesha ukifuta hayo inapanda, na supavaiza kaandika "safi".

DagaaMchele: Mvuvi umemtoa chombo! Hapo unapima nyumba.

KibaoKata: Chai hii. Juzi kaja mwingine na wavuvi wa Bagamoyo, alfa 0.39, maneno yaleyale. Hao wanatafuta wateja wa kuchakatiwa data. Na mvuvi gani wa Sahare anakutajia akiba yake?

MtotoWaNgamiani: Njoo mnadani asubuhi uwaulize mwenyewe, bro.

Pweza_Mkavu: Chai na mahamri tafadhali

DagaaMchele: Data ghafi unayo?

MtotoWaNgamiani: Ninayo. VIF ikifika ngapi ndo mbaya? Na supavaiza namwambiaje?

DagaaMchele: Wengi wanaishia 5, wengine wanavumilia mpaka 10. Supavaiza ni wako.