MREJESHO: Kuhudumia wateja huku nafanya utafiti, Mtwara

Wakuu, niliuliza: mwanafunzi wa ushauri nasaha unaomweka mteja katikati atafanyaje utafiti bila kumgeuza mteja takwimu? Asanteni sana, hasa aliyeniambia nianze na kinasa sauti. Carl Rogers mwenyewe, mwanasaikolojia Mmarekani aliyeanzisha ushauri huu, alirekodi vikao tangu miaka ya 1940, akachunguza kinachosemwa kweli.

Mama mmoja mbangua korosho aliridhia kwa maandishi nimrekodi. Usiku nikasikiliza: anataja shamba la marehemu mumewe, ananyamaza, nami namkatiza hata pumzi hajashusha! Iliniuma. Sasa kila kikao kikiisha namuuliza ni wapi sikumwelewa, naandika kwa maneno yake. Juzi alisema, "Leo umeniacha nilie, mwanangu." Hilo nimempelekea msimamizi wangu kwanza, kabla ya majedwali.