Nyumba ya Monet, Giverny: niende Mei au Julai?

Rangi_Sakina (Arusha)
Wakuu, habari za leo. Nachora mandhari kwa rangi za mafuta. Nina siku tatu Paris, Jumapili hadi Jumanne, na nataka kufika nyumbani kwa mchoraji Claude Monet, kijijini Giverny, bila kupitia kampuni ya watalii. Picha zake halisi zimo humo? Na mwezi upi unafaa, Mei au Julai?

Fremu_Moshi
Mkuu, picha halisi usizitarajie. Zilizotundikwa pale alipokuwa akichorea mwanzoni ni nakala, na studio kubwa aliyoijenga ili achoree picha za yungiyungi sasa ni duka la zawadi! Ndani utaona alivyoishi tangu 1883 hadi alipofariki 1926: chumba cha kulia njano tupu mpaka viti, jiko la vigae vya bluu, na picha za Kijapani alizokusanya.

Panda treni Saint-Lazare inayoelekea Rouen, ushuke Vernon-Giverny, kama dakika 50. Si kila treni ya Rouen inasimama hapo, soma ubao kwanza. Basi la kwenda kijijini linafuata saa za treni, nauli yake mbali. Likikuacha, ni kilomita kama 5, mguu au baiskeli. Tiketi ya kuingilia kata mtandaoni.

Turubai_Njiro
Wanafungua Aprili 1 hadi Novemba 1 tu. Mei utakuta wisteria, maua ya mti unaotambaa, juu ya daraja la bwawa lake la yungiyungi, zambarau inayokaribia jakaranda zetu. Yungiyungi lenyewe ni Julai, ila hujifunga alasiri. Kwa hiyo ingia wanapofungua, na watu wakikimbilia nyumba, wewe shuka bwawani. Njia inapita chini ya barabara, maana kiwanja cha bwawa alikinunua peke yake, 1893.

Fremu_Moshi
Na angalia siku. Marmottan, makumbusho ya Paris zilipo picha nyingi alizobaki nazo, hufungwa Jumatatu. Orangerie, makumbusho nyingine ya Paris yenye zile picha pana za yungiyungi za karibu mita 2 kwenda juu, hufungwa Jumanne. Basi Orangerie Jumapili, Giverny Jumatatu, Marmottan Jumanne.

Turubai_Njiro
Hapo Marmottan tafuta picha za daraja alizochora mwishomwisho, nyekundu na kahawia kama zinaungua. Mtoto wa jicho ulikuwa unamzuilia bluu; alipasuliwa 1923. Ukishaliona daraja lenyewe, la kijani, ndipo utajua jicho lilikuwa limeharibika kiasi gani.

Rangi_Sakina (Arusha)
Asanteni sana. Julai basi, Jumatatu asubuhi, bwawa kwanza.