Uzi wa malalamiko: Acheni kusema Olajuwon aliokota ubingwa

Jamani watu wa Mombasa, neno hili limetuchosha. Hakeem Olajuwon, nguli wa Houston kwenye NBA (ligi ya kikapu ya Marekani), akitajwa tu barazani, Kibokoni hadi Likoni, hakosi mtu wa kudakia: "Aah, yule aliokota vikombe viwili Jordan akiwa hayupo." Sasa hata kurasa za kikapu za hapa mjini zinayaandika hayo bila haya.

Hebu tuhesabu. Vikombe hivyo ni vya 1994 na 1995. 1994 Michael Jordan, nyota wa Chicago, alikuwa amestaafu, sawa. Lakini Machi 1995 alirudi, akacheza mtoano, na Chicago wakatolewa na Orlando 4-2. Orlando hao hao, wakiwa na Shaquille O'Neal, ndio waliofagiwa na Houston 4-0 kwenye fainali. Houston waliingia mtoano wakiwa wa 6 upande wa Magharibi, na hakuna timu iliyowahi kutwaa ubingwa wa NBA ikitokea chini hivyo. Njiani Olajuwon alimtwanga David Robinson wa San Antonio wastani wa pointi 35.3 kwa mechi, na Robinson ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa msimu huo. Huko ndiko kuokota?

Na hiyo 1994 mnayoidharau: mechi ya 6 ya fainali, New York wanaongoza mechi 3-2, Houston wako mbele 86-84. John Starks wa New York anarusha ya pointi 3 sekunde za mwisho. Ikiingia, ubingwa umekwenda. Olajuwon, mtu wa chini ya kikapu, akatoka hadi nje ya mstari wa pointi 3 akaugusa ule mpira kwa ncha za vidole. Mechi ya 7 wakashinda 90-84. Msimu ule alikuwa mchezaji bora wa ligi, mlinzi bora na mchezaji bora wa fainali. Hakuna mwingine aliyezikusanya zote tatu kwa msimu mmoja.

Bango moja la mashindano limemwandikia bloku (mitupo ya wapinzani aliyoizuia) 3,380. Ni 3,830, rekodi ya NBA tangu bloku zianze kuhesabiwa msimu wa 1973-74. Ongeza mipira 2,162 aliyopokonya. Na Februari 1995, mwezi wa Ramadhani, alikuwa akifunga saumu huku akifunga vikapu, akatajwa mchezaji bora wa mwezi. Mji kama huu ndio ungepaswa kulijua hilo kwa moyo!

Kinachoudhi zaidi ni makocha wanaofundisha vijana ile "Dream Shake", mbinu yake ya kumhadaa mlinzi, kwa kutikisa mabega tu. Siri iko miguuni. Mpe kikapu mgongo, pokea mpira ukiwa hewani, utue kwa miguu yote miwili kwa pamoja. Hapo mguu wowote waweza kuwa wa kuzungukia. Ukitua mmoja mmoja, ule wa kwanza ndio wa kuzungukia, huna hiari, na ukiuinua kabla ya kudunda, refa anapuliza, umetembea. Kisha danganya kwa bega na kichwa upande mmoja, mpira ukiwa juu ya kiuno, usubiri. Mlinzi akishalemea upande huo, zunguka upande wa pili urushe ukiegemea nyuma. Asipolemea, jifanye unarusha. Akiruka, pita chini ya mkono wake. Vijana wengi huharibu kwenye kusubiri: wanazunguka kabla mlinzi hajahama, wanamgonga kifuani, wanapigiwa faulo.

Mwenye bango lile alirekebishe kabla mechi hazijaanza. Ni 3,830.