Tumemtajia dalali bajeti yote, sasa kila nyumba bei ni ileile. Mnunuzi anatakiwa aseme nini na asiseme nini?

MamaG_Mkolani

Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri hasa mliowahi kununua nyumba huku Mwanza, na kama kuna dalali humu ndani naye asiogope kunijibu.

Mimi na mume wangu tumepanga Mkolani mwaka wa tisa huu. Mzee kastaafu mwezi wa tatu, mafao yametoka, na mimi nina akiba ya kikoba na ya duka la vitenge, tukijumlisha inafika milioni 65. Tunatafuta nyumba ya vyumba vitatu, iliyokamilika au hata boma lililoezekwa, upande wa Buswelu, Nyasaka au Kiseke, isiwe juu mlimani kwenye mawe maana mzee magoti yanamsumbua.

Tukapata dalali, kijana mwenye heshima zake, siku ya kwanza akatukalisha kijiweni kwake akauliza mnanunua kwa shingapi, hela ipo mkononi au ni mkopo, mnataka kuhamia lini. Mume wangu ni mtu wa kunyoosha maneno, akamwambia yote: milioni 65 zipo benki, ni mafao, na mwenye nyumba wetu anaitaka nyumba yake mwezi wa kumi na mbili. Tangu hapo tumeonyeshwa nyumba tano, zote 64, 65, moja 66 "ila inaongeleka". Mpaka ile ya Nyasaka ambayo choo hakina mlango na ukuta wa jikoni una ufa unaingiza kidole, nayo 64.

Kilichoniumiza sasa ni juzi. Tupo Buswelu tunakagua nyumba, nzuri kweli, ina mwembe mbele na kibaraza kipana, nikamwona mzee kakaa pale kwenye kibaraza kanyoosha miguu kama kashafika kwake. Dalali akampigia mwenye nyumba, akasogea nyuma ya simtanki akawa anaongea Kisukuma. Watu wengi wakinisikia naongea wanadhani mi ni wa Bukoba, kumbe nimezaliwa Magu, Kisukuma ndo nimenyonya nacho. Nikamsikia anamwambia hawa wana 65 taslimu, ni mstaafu, mwezi wa kumi na mbili wanatolewa walipo, wewe ukiulizwa sema 64, ile 55 yako tuliyoongea iko palepale. Nilibaki nimeshika nondo ya dirisha mikono inatetemeka. Milioni tisa wakuu, ya mtu aliyefundisha shule ya msingi maisha yake yote.

Mzee nilimwambia tulipofika nyumbani. Anasema hawezi kuanza kudanganya watu uzeeni, na mimi sitaki adanganye. Ila nauliza, hivi mnunuzi analazimika kumwambia dalali kila kitu anachoulizwa? Nini tuseme na nini tunyamaze? Na hii ya Buswelu tufanyeje, maana tumeipenda.

Kisesa_Jembe

Pole sana mama. Hiyo inaitwa cha juu, muuzaji anataja bei yake, dalali anapandisha, kinachozidi ni chake na mara nyingi hata kamisheni anachukua vilevile. Na cha juu kinapimwa kwa mfuko wa mnunuzi, ndo maana nyumba yenye ufa na nyumba yenye mwembe zikawa bei moja. Yule kijana alichouziwa siku ile kijiweni ni maneno matatu tu: kiasi chenu cha mwisho, hela imetoka wapi, na tarehe ya kuhama. Hayo matatu hayamsaidii kutafuta nyumba hata kidogo, yanamsaidia kujua atawabana mpaka wapi.

Halafu kuna kitu mzee wako hajakipiga hesabu na hapo ndo atapata jibu la ukweli bila kudanganya. Milioni 65 sio bei ya nyumba yenu, ni hela yote mliyonayo. Ndani yake toa ushuru wa stempu asilimia 1, toa wakili, toa gharama za kuhamisha hati, toa lori la kuhama, toa rangi na milango, na mafao ya mstaafu hayaishi kwenye tofali, lazima kuna ya kula na ya hospitali. Kodi ya ongezeko la mtaji kisheria ni ya muuzaji lakini huku wauzaji wengi wanasema "mambo yote ya kuhamisha juu ya mnunuzi", kwa hiyo ulizeni kabla ya kukubaliana bei sio baada. Kaeni na karatasi mtakuta bei ya nyumba mnayoiweza ni 54 au 55. Basi hiyo ndo bajeti, na mzee akiitamka anatamka ukweli mtupu.

Dalali_Igoma

Umesema dalali asiogope, basi nimekuja. Nina miaka kumi na moja kwenye hii kazi, Igoma, Kishiri mpaka Kisesa. Mama mimi nakuomba radhi kwa niaba ya hii kazi, alichofanya huyo mdogo wangu ni kibaya, na kibaya zaidi ni kumtajia muuzaji kwamba mnatolewa kwenye nyumba. Mimi nakula kamisheni ya asilimia 5 kwa muuzaji, wapo wa 10, na mteja namwambia siku ya kwanza. Ukikutana na dalali swali lako la kwanza liwe hilo, wewe analipwa na nani na shingapi, akiguguma ondoka.

Ila naomba msituelewe kwamba mnunuzi awe bubu. Kuna mambo mkificha mnatuumiza na mnajiumiza. Mwaka juzi nilimzungusha kaka mmoja wiki tatu kwa pikipiki yangu, tukapata nyumba Kishiri, muuzaji akakubali bei, tumeshapanga siku ya wakili ndo ananiambia nusu ya hela ni mkopo wa benki. Nyumba yenyewe haina hati, ina karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa. Benki haiwezi kukupa mkopo wa nyumba kwa karatasi ile, inataka hati na inatuma mthamini wake. Muuzaji alikuwa ameshakataa wateja wawili kwa ajili yetu. Angenitamkia mkopo siku ya kwanza ningempeleka kwenye viwanja vilivyopimwa basi.

Lingine, kama nyumba ulishaonyeshwa na mwenzangu niambie palepale getini. Nishashuhudia madalali wawili wanakunjana mbele ya muuzaji kila mmoja anadai mteja wake, muuzaji akaogopa akatufukuza wote. Niambie pia nani anaamua, kama mama asipoona jiko hakuna biashara basi mama aje safari ya kwanza. Niambie magoti ya mzee, hilo la magoti ni la muhimu kuliko bei, kwa Mwanza yetu hii ya mawe nikilijua nafuta nusu ya nyumba zangu kichwani. Niambie unataka nyumba yenye hati au leseni ya makazi inakutosha. Na niambie mapema kwamba utafanya sachi ofisi ya ardhi, yaani kuhakiki nyumba ni ya nani, kabla ya kutoa hata kishika uchumba, ile hela ya kutanguliza, muuzaji mwenye lake jambo akilisikia hilo anajitoa mwenyewe.

Tarehe ya kuhama unaweza kusema "tukipata nzuri tunahama", inatosha. Na kopi ya kitambulisho usimpe dalali, hiyo inaenda kwa wakili siku ya kusaini.

Luchelele_Pwani

Naongezea la kwangu la ziwani. Mimi nilimwambia dalali nataka kiwanja karibu na ziwa kabisa, nikakosea kutokumwambia nataka kujenga nini. Akanipeleka mpaka kwenye matete, kweli ukisimama pale miguu inalowa. Kwa sheria ya mazingira ya 2004 ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa ziwa hakuna kujenga, na yeye hakulitaja kwa sababu mimi nilitaja maji tu. Kaka yangu mhandisi ndo alipima kwa hatua akaniambia rudisha moyo. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda pale mahali pote palikuwa maji. Kwa hiyo matumizi yasemeni wazi, kama mnataka kufuga kuku nyuma, kupangisha chumba cha uani, kuweka fremu ya duka la vitenge, yote semeni.

BintiWaPasiansi

Mama G, na hili la mwenza msilisahau. Semeni mapema hati itasoma majina mawili, lako na la mzee. Na mwambieni dalali mnataka kumwona mke wa muuzaji sio muuzaji peke yake. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza. Shangazi yangu alilipia nyumba, mke akatokea kijijini na watoto wanne, kesi ikachukua miaka.

MamaG_Mkolani

Nimesoma zote na mzee nimemsomea, ya Kisesa_Jembe kaomba nirudie mara mbili. Tumekaa na karatasi usiku, imekuja milioni 54 na laki tano. Kafurahi, anasema hiyo ataitamka mbele ya mtu yeyote.

Dalali_Igoma asante kaka yangu, umenitoa machozi. Swali moja, hii ya Buswelu tukimfuata mwenye nyumba bila yule kijana si tutakuwa tumemdhulumu? Maana kweli ndo aliyetuonyesha.

Dalali_Igoma

Msimruke mama. Jasho lake lipo na akiamua atawaharibia. Mwambieni tunataka kukaa wote, sisi, wewe na mwenye nyumba na mkewe, bei itajwe na mwenye nyumba mwenyewe kwa mdomo wake, na kamisheni yako itajwe hapohapo iandikwe kwenye mkataba. Akikataa kikao hicho basi amejitoa mwenyewe. Bei ya kuanzia tajeni 50.

MamaG_Mkolani

Sawa. Kakubali, kikao Jumamosi saa nne asubuhi palepale Buswelu chini ya mwembe. Namba ya hati tumeshaiomba, Alhamisi mzee anaipeleka ofisi ya ardhi mkoa kufanya sachi. Mimi Jumamosi nikifika getini namsalimia mwenye nyumba mwangaluka, na kikao chote nakiongea Kisukuma.