Madaktari wa zamu, acheni kuwachoma Diclofenac wagonjwa wa hemofilia!

Wakuu, uzi huu ni wa hasira, nawaonya mapema. Wenye ndugu mwenye hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, wataelewa. Madaktari na manesi mliomo humu, someni mpaka chini ndipo mjibu.

Hemofilia A ni upungufu wa protini ya kugandisha damu namba 8, ile tunayoiita fakta 8. Hemofilia B ni ya namba 9. Hiyo A humpata takriban mtoto wa kiume mmoja kati ya 5,000, kwa hiyo hakuna anayetegemea daktari wa kituo cha afya awe ameshaona wagonjwa kumi. Kutojua tunasamehe. Tusichosamehe ni mama kufika usiku na kadi ya kliniki mkononi, jina la ugonjwa limeandikwa, simu ya kliniki imeandikwa, halafu kadi inasukumwa pembeni: "Mama, daktari ni wewe au mimi?"

Kisha inaandikwa Diclofenac ya maumivu. Sindano. Ya tako.

Mstari mmoja wa cheti, makosa mawili. Diclofenac, sawa na Aspirin na Ibuprofen, inazuia chembe sahani (vile vichembe vya damu vinavyoshikana kuziba jeraha) zisishikamane, na kwa mgonjwa huyu chembe sahani ndiyo sehemu iliyobaki nzima. Na sindano ya msuli inaacha tundu ndani ya nyama linalovuja kimyakimya. Tako linavimba, linakuwa gumu kama ubao, mshipa wa fahamu unabanwa. Paracetamol ya kumeza ipo na ni ya bei ndogo. Kwa nini mnaikwepa?

Sasa njoo kwenye kidole tumbo, maana hapa ndipo watu wanapasuliwa bure. Mgonjwa wa hemofilia anakuja na maumivu ya chini ya tumbo upande wa kulia, amelala amekunja paja, ukimnyoosha mguu anapiga kelele. Chumba cha upasuaji kinaandaliwa. Kumbe damu imevujia kwenye msuli mkubwa wa ndani ya nyonga. Muulize kama mbele ya paja kuna ganzi, mpe fakta (dawa ya mshipani ya kujazia ile protini iliyopungua), mpige ultrasound, halafu ndipo uongelee kisu. Kumpasua bila fakta ni kumfungulia bomba.

Maabara nao wana lao. Wanapima FBP (picha nzima ya damu), chembe sahani ziko sawa; wanapima PT (kipimo kimoja cha muda wa damu kuganda), iko sawa; jibu linatoka "damu haina shida". Hivyo ndivyo hemofilia inavyotakiwa kuonekana! Kinachorefuka ni aPTT, kipimo kingine cha muda wa kuganda, na kwa hemofilia nyepesi hata hiyo inaweza kutoka kawaida, kwa hiyo kipimo cha mwisho ni kupima kiwango cha fakta yenyewe. Sampuli iwekwe kwenye chupa ya kifuniko cha bluu, yenye sitreti (dawa ya kuzuia damu isigande), ijazwe mpaka kwenye alama: sehemu 9 za damu kwa 1 ya dawa. Ukijaza nusu, dawa inazidi damu na aPTT inarefuka kwa uongo. Chupa ya zambarau ya FBP haifai kabisa kwa kipimo hiki. Na lile swali la "kwenye ukoo yupo mwenye tatizo hili?" lisifunge mjadala, kwa sababu karibu theluthi moja ya wagonjwa ni wa kwanza kwenye ukoo wao.

Halafu kuna hii tabia ya kutundika damu. Goti limevimba, wanatundika chupa ya chembe nyekundu, wanatundika nyingine. Chembe nyekundu zinarudisha damu iliyopotea, ila hazina fakta, hazizibi chochote. Kama fakta haipo hospitalini, ombeni krayo (cryoprecipitate, sehemu ya plazma yenye fakta 8 kwa wingi): mfuko mmoja una kama uniti 70 mpaka 80 za fakta 8. Lakini krayo haina fakta 9, huyo wa B anahitaji plazma, yaani maji ya damu yasiyo na chembe. Ndiyo maana kadi imeandikwa A au B, someni basi.

Na pale fakta inapokuwepo, inagawiwa kama sukari ya mgawo. Hesabu ya A ni hii: uzito wa mgonjwa mara asilimia unazotaka kupandisha, kisha gawa kwa mbili. Mtoto wa kilo 30 aliyeangukia kichwa anapandishwa mpaka 100, yaani uniti 1,500. Ukimpa chupa moja ya 500 "tuone kwanza", umefika kama 33 tu. Kwa B hugawi kwa mbili, ni 3,000. Na dozi moja haitoshi: fakta 8 ya kawaida inapungua nusu ndani ya saa 8 mpaka 12, kwa hiyo "amepata dawa, nendeni nyumbani" kwa jeraha la kichwa ni hatari tupu. Ikibaki robo chupa, mchome yote, msiimwage. Wakati wa kuchanganya, zungusha chupa taratibu, usiitikise kama juisi.

Kichwa kikigongwa: fakta KWANZA, CT-scan baadaye. Msisubiri picha. Wala msisubiri mtoto atapike ndipo muamini.

Bado kuna ile ya fakta kuwa kwenye friji ya famasi, nyuzi joto 2 mpaka 8, imetunzwa vizuri, na mwenye ufunguo ameshaondoka saa kumi. Friji hiyo inamtunzia nani dawa? Ufunguo wa akiba uwekwe kwa nesi wa zamu, basi, hakuna haja ya kikao.

Wazazi: ombeni barua ya kliniki yenye aina (A au B), kiwango cha fakta, uzito wa karibuni na dozi ya dharura kwa uniti. Toeni nakala, moja iwe kwenye begi la shule. Mkikataliwa, ombeni daktari aandike kwenye faili kwamba ameiona na ameikataa. Wengi hapo hapo wanapata namba ya kliniki na kupiga simu. Na tohara isifanyike, iwe ya jando au ya hospitali, mpaka kliniki ipange fakta ya kabla na ya baada.

Atakayekuja hapa chini kuandika "mpelekeni kwa mzee fulani akamchanje chale", chale ni jeraha mkuu. Pita kule.