Picha ya utupu imetokea kwenye projekta darasani, lawama ni ya nani?

Mwl_Michoro: Wakuu habari za jioni, naombeni mawazo. Nafundisha sanaa kidato cha pili, juzi tulikuwa na somo la kuchora mikono, nikachomeka laptopu yangu kwenye projekta nikafungua tovuti moja ya wasanii. Picha niliyoitaka haina shida kabisa, ni mikono ya bibi anamenya muhogo, ila nikashuka chini kidogo pale wanapokuwekea "zinazofanana na hii" ikatokea ya mwanamke mtupu, ukuta mzima. Nikaziba lenzi kwa kiganja lakini watoto walishaona. Usiku grupu la wazazi la Wasapu likawaka, na mkuu anataka maelezo ya maandishi. Sasa kosa ni la nani, mimi, msanii au wenye tovuti?

MamaWawili: Pole sana mwalimu. Mimi mzazi, na kwa kweli msanii simlaumu, hakujua kama kazi yake itaishia darasani kwako. Mwanangu nimekukabidhi wewe, sio tovuti. Angalau tungeambiwa mapema kwamba mtaingia mtandaoni.

rangi_na_brashi: Mi nachora na naposti huko huko. Ukipandisha kazi kuna sehemu ya kutiki kwamba hii ni ya watu wazima, msanii asipotiki hapo kweli ana kosa, tena kubwa. Ila akitiki, asiye na akaunti haioni, inafichwa. Kwa hiyo mwalimu nijibu hili, uliingia na akaunti yako binafsi?

Kibasila77: Watu wanachanganya mambo mawili, utupu na uchafu. Vinyago vya Kimakonde vingapi vina maziwa nje na tunapeleka watoto makumbusho wanaviona? Kule Florida, Machi 2023, mkuu wa shule moja ya Tallahassee alilazimishwa kujiuzulu baada ya watoto wa darasa la sita kuonyeshwa sanamu ya Daudi ya Michelangelo, kitu cha mwaka 1504! Mzazi mmoja aliiita ponografia, wengine walilalamika tu kwamba hawakupewa taarifa, maana mwaka uliotangulia barua ilitumwa na safari hii haikutumwa. Kwa hiyo MamaWawili ana pointi, barua ile ingeokoa mengi.

rangi_na_brashi: Nakubali, ila Daudi alichaguliwa na mwalimu, ya huyu ndugu imechaguliwa na mashine, hapo ndipo penye hatari. Pakua picha zako nyumbani, ziweke kwenye folda, darasani zima intaneti kabisa.

Mwl_Michoro: Asanteni. Nimerudi kuangalia, ni kweli niliingia na akaunti yangu, na kizuizi nilikitoa mwenyewe mwaka jana nilipokuwa nafanya mazoezi ya kuchora miili. Ile picha ilikuwa imetikiwa, msanii hana kosa. Kesho naandika hivyo hivyo kwenye maelezo, na wazazi nitawaomba radhi mwenyewe kwenye grupu kabla mkuu hajawaambia.